Minazi ya Katikati

Hakupanda mnazi bila kuupiga kofi kwanza. Kofi moja la kiganja, kama mtu anayemwamsha ng'ombe, kisha anatega sikio. Siku moja nilimuuliza anasikiliza nini, akasema anasikiliza kama juu kuna nyuki. Siku nyingine nikauliza tena, akasema anatulia ili mashabiki wa chini nao watulie. Sikujua lipi lilikuwa kweli. Nadhani yote mawili.

Ndagoni nzima ilimwita Mkwezi, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina alikuwa nalo, ila lilitumika mahakamani na msikitini tu. Nilimjua nilipokwenda kule kubeba mbata, zile nazi zilizokaushwa. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja misimu miwili: leo Kilwa, kesho Nyamisati, mwezi ujao Juani nikipakia mwani. Lakini kila niliporudi Mafia nilijikuta nimepanda pikipiki kwenda Ndagoni kumsalimia. Nilikuwa na maswali mengi, na yeye alikuwa mtu pekee kisiwani ambaye maswali hayakumchosha, hata kama majibu aliyatoa kwa bei ya matusi.

"Shikamoo, Mkwezi."

"Marahaba. Umefukuzwa wapi tena?"

Mkwezi alikuwa huntha. Neno hilo nililisikia kwa Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, aliyelitamka bila kupunguza sauti. Ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi kama ni mwanamume au mwanamke. Watu wa Ndagoni walilijua jambo hilo kama wanavyojua kisima kipi kina maji ya chumvi. Hawakulizungumza kila siku, wala hakuna aliyelisahau. Hakuchezwa unyago na wasichana, hakutiwa jandoni na wavulana. Alivaa suruali iliyokatwa magotini, na juu yake kanga. Akitaka kupanda, kanga huifungua na kumtupia aliye karibu. "Shika. Ukiifutia jasho lako nitajua."

Harusini alipiga ngoma kwa wanawake hadi mikono ikavimba, kisha akala kwa wanaume. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mjinga. "Kwa wanawake kuna vicheko. Kwa wanaume nyama hufika mapema."

Siku ya Idi, watu wakisali kiwanjani, nilimwona akisimama mahali pake. Mbele wanaume, nyuma yao wavulana, nyuma kabisa wanawake, na yeye kati ya wavulana na wanawake, peke yake kwenye mkeka wake. Nilidhani ametengwa. Baada ya sala nikamfuata Maalim, nikamwambia si vizuri kumweka mtu mzima peke yake kama mkosaji.

Maalim akacheka. "Nani kamweka? Vitabu vimemwekea mahali tangu zamani. Sisi tumefuata tu."

"Kwa hiyo sheria inamjua?"

"Sheria inamjua sana, bwana mdogo. Inamjua kwenye sala, kwenye mirathi, kwenye mazishi. Haikumpuuza. Ila haikumpunguzia mzigo."

Maneno hayo niliondoka nayo. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba sheria ni kitu cha kukataza. Sikuwa nimewaza kwamba inaweza kumjua mtu kwa undani, ikampa mkeka wake, na bado ikamwacha amening'inia.

Kuning'inia kwenyewe kulikuwa kwenye minazi. Baba yao alipofariki aliacha shamba na watoto wawili, Mkwezi na mdogo wake wa kiume. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike anapata moja. Mkwezi apewe nini? Maalim aligawa kama vitabu vilivyosema: kila mmoja achukue kile ambacho hakina shaka. Mkwezi akapewa fungu dogo, ambalo angepata hata kama ni mwanamke. Mdogo wake naye akapewa kiasi ambacho angepata kama mkubwa wake angekuwa mwanamume. Katikati ikabaki sehemu ambayo haikuwa ya mmoja wala ya mwingine. Hiyo ikasimamishwa mpaka jambo libainike, au wao wawili wapatane.

Watu wakaiita minazi ya katikati. Ukipita unaijua mara moja. Magugu yamefika kifuani, nazi zimeanguka zenyewe na kuota zilipoangukia, makuti makavu yananing'inia kwenye shina kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mtu aliyeangua nazi za kila nyumba, aliyevuka bahari kwenda kuangua za Chole na Juani, alipita chini ya minazi ya baba yake bila kuipiga kofi.

"Kwa nini usiseme neno moja?" nilimuuliza. "Sema wewe ni mwanamume, uchukue ya katikati yote. Unapanda minazi, nani atakupinga?"

"Na nikisema, halafu?"

"Halafu yanakwisha."

"Halafu wataniambia nionyeshe." Akatema mate pembeni. "Wewe ukisema wewe ni mwanamume, nani anakuambia uonyeshe?"

Akaendelea kusuka kitanzi chake cha miguuni, kile cha kupandia.

Msidhani alikuwa mtu wa kumhurumia wakati wote. Alikuwa mchoyo wa chumvi, mkali kwa wenye deni, na alipenda kusengenya kuliko kula. Kuna binti mmoja wa pale aliyetaka kujifunza kukwea. Mwepesi, hana woga, miguu kama ya komba. Alimfuata Mkwezi wiki nzima akimbebea panga. Mkwezi akamfukuza mbele ya watu.

"Rudi kwa mama yako. Kukwea si kazi ya mwanamke."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza, "Na wewe je, Mkwezi?"

"Mimi ni mimi," akajibu kwa hasira. "Huyu akianguka, kesho akiolewa watasema nini kwa mumewe?"

Nilibishana naye jioni nzima. Nikamwambia yeye, kati ya watu wote, hapaswi kumchorea mtu mstari. Akasema mstari hakuuchora yeye. Nikasema basi asiulinde. Akaniambia nimetoroka shule nikiwa bado sijafundishwa adabu. Mpaka leo binti yule hajui kukwea, na mpaka leo naona Mkwezi alikosea. Mtu anaweza kuumizwa na sheria na bado akawa askari wake mtiifu.

Kule Juani kulikuwa na mama mjane mwenye minazi michache. Minazi ile ingekwisha kabla ya adhuhuri, lakini Mkwezi akienda alirudi kesho yake. Wakimtania vijana wa mashua, hakukasirika. "Nikioa ni zinaa, nikiolewa ni zinaa. Basi nimeoa nazi." Walicheka wote, naye alicheka nao. Siku moja tuko wawili tu, nikamuuliza kwa upole kama aliwahi kumwendea Maalim juu ya mjane yule. Akasema alikwenda. Maalim alimwambia kwamba maadamu jambo lake halijabainika, hakuna ndoa atakayoifunga, si ya upande huu wala ule.

"Ukasemaje?"

"Nikasema ahsante. Maalim hakuitunga sheria."

Mjane akaja kuolewa mjini Kilindoni. Mkwezi aliacha kwenda Juani, akisema bahari inamletea kizunguzungu.

Ulipokuja uandikishaji wa vitambulisho, nilikuwepo. Madawati mawili yalipangwa nje ya shule, la wanawake na la wanaume. Mkwezi akaketi chini juu ya kumbi la nazi, katikati. Mwandishi alikuwa kijana wa bara, mpole, amechoka na joto.

"Mzee wangu, jinsia?"

"Andika mkwezi."

"Hiyo ni kazi. Jinsia nauliza."

"Kwani hapo una nafasi ngapi?"

"Mbili."

"Basi huna yangu. Mpe mwingine."

Watu walicheka mpaka kijana mwenyewe akacheka. Lakini kazi ilikuwa lazima iende. Akaitazama kanga, akaandika mwanamke. Sikumwona kama mtu mbaya. Alipewa nafasi mbili, akachagua moja, na mstari ukasogea.

Kadi ilipokuja, Mkwezi aliitia kwenye mkebe wa majani ya chai na kuisahau. Mdogo wake hakuisahau. Mdogo mtu alikuwa mfanyabiashara wa mbata, mwenye watoto wengi na maneno mengi. Uhusiano wao ulikuwa na hali ya hewa yake. Siku ya kuangua alimwita mkubwa wake kaka, siku ya kugawana alimwita dada. Sasa akaona njia. Kama serikali imekwisha kusema Mkwezi ni mwanamke, basi jambo limebainika, na minazi ya katikati ni yake. Akaenda mahakama ya mwanzo.

Siku ya shauri nilikwenda nao, sote watatu kwenye gari moja, ndugu wawili wakigawana mhogo wa kuchoma njiani. Mbele ya hakimu mdogo mtu akasimama kifua mbele.

"Mheshimiwa, mimi sina la kuongeza. Serikali imemaliza."

Hakimu akaitazama kadi, akamtazama Maalim aliyeitwa kutoa maelezo. Maalim akasema kadi si miongoni mwa dalili zinazotajwa na vitabu. Hakimu naye akasema haoni kama kadi peke yake inatosha kumaliza mirathi. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuudhi, akamuuliza Mkwezi kama atakubali kwenda kwa daktari apimwe, ili jambo liishe.

Mkwezi alisimama.

"Mheshimiwa, mimi ni mzee. Sijawahi kuvua nguo mbele ya mtu tangu nianze kujisitiri mwenyewe. Baharini naoga na kanga. Kama minazi ile ni ya kuvulia nguo, ioze."

Hakimu hakumlazimisha. Akawaambia waende wakapatane, na mpaka hapo hali ibaki ilivyo. Tulirudi kwenye gari lile lile. Njiani kila mmoja alikula mhogo wake.

Wakili aliingia hapo. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyekuja Kilindoni kutoa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo. Alisikia habari, akaja Ndagoni kwa pikipiki, akavua viatu, akaketi mkekani kama mwali. Mkwezi akampasulia dafu. Walipendana upesi kuliko nilivyotarajia.

Wakili akaeleza polepole. Katiba inasema watu wote ni sawa. Anaweza kwenda mahakama kubwa zaidi kudai kwamba mtu asivuliwe nguo ili apate haki yake, na kwamba mwenye maumbile kama ya Mkwezi asilazimishwe kuingia mahali pasipo pake. Kenya, alisema, wameanza kuwahesabu watu hao kama walivyo. Hapa kwetu bado, lakini sheria ni kitu cha watu, na watu hubadilika.

"Tutashinda?" nikadakia.

"Sijui. Labda tutashindwa, na atakayekuja baada yetu ashinde kwa sababu tulishindwa vizuri."

"Kushindwa vizuri ndiko kukoje?" Mkwezi akauliza, na Wakili akacheka mpaka dafu likamwagika.

Alimwonya pia. Asizungumze habari za mapenzi mahakamani, ya Juani wala ya popote, kwa sababu neno moja likikosewa sheria nyingine inaamka, ile inayowafunga jela wapendanao wa jinsia moja. "Tunabisha mlango mmoja kwa wakati mmoja, mzee wangu." Mkwezi akaitikia kwa kichwa.

Ikabaki shida moja. Kwa kuwa shauri lilianzia kwenye mirathi, wa kushitakiwa alikuwa mdogo wake.

Niliona ni jambo rahisi. Mdogo mtu ndiye aliyeanza! Nikamwambia Mkwezi atie kidole gumba mara moja. Akanishika mkono, akanipeleka kwa Maalim, akauliza mbele yangu ili nisikie mwenyewe.

"Maalim, nikifa, nani ataniosha?"

Maalim hakushtuka. "Mwanamume wa nje hakuoshi, mwanamke wa nje hakuoshi. Wa kukuosha ni maharimu wako, wa damu."

"Wangu amebaki nani?"

"Mdogo wako. Binti zake wapo, lakini hao watoto wataweza?"

"Huyo tunayeshitakiana."

"Huyo huyo."

Tukatoka. Njiani akaniambia, "Umesikia? Wakili atanipa minazi. Ataniosha?"

Nilielewa basi kilichokuwa kwenye mizani. Maisha yake yote alilinda jambo moja, asifunuliwe mbele ya mtu wa nje. Akikataa kesi, siku moja hakimu asiye mpole atakuja na kumwamuru aende kwa daktari. Akikubali kesi na kumburuza mdogo wake mahakamani, mdogo wake hatamwosha, naye atafunuliwa na wa nje siku ambayo hawezi hata kushika kanga yake. Kati ya hayo mawili, Wakili alingoja jibu, na Mkwezi hakulitoa.

Niliondoka Mafia. Nilifanya kazi za huku na kule, nikakonda, nikanenepa. Wakili alikuwa na namba yangu, na siku moja akanipigia. Anahamishwa. Kama Mkwezi anataka, ni sasa. Yeye ataifungua kesi kabla hajaondoka na kuikabidhi kwa wenzake. Simu ya Mkwezi haipatikani. Je, naweza kwenda kumuuliza?

Nikaenda. Nyumbani kwake mlango umefungwa kwa kamba. Jirani akanielekeza kwa mdogo wake. Nikamkuta Mkwezi uani, amechuchumaa, anachochea moto chini ya sufuria la maji. Amezeeka. Goti moja limevimba. Kukwea, alisema, alikuwa ameacha.

"Shikamoo, Mkwezi."

"Marahaba. Ingia umwone mwenzako."

Ndani, kitandani, mdogo mtu alikuwa amelala chali. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja, mkono wake uko juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Mkewe alikuwa amekwenda kwao na watoto wadogo kuuguza mama yake, watoto wakubwa wako Dar es Salaam. Wa kumgeuza, wa kumlisha uji, wa kumsafisha, alikuwa Mkwezi.

"Amenidhulumu huyu," Mkwezi aliniambia mbele yake, akimwinua mgongo kwa mkono mmoja. "Amenipeleka mahakamani, sasa ananituma maji."

Mdogo mtu akatoa sauti upande mmoja wa mdomo. "Ya... moto."

"Yatakuwa ya moto. Ngoja."

Nikamweleza ujumbe wa Wakili. Aliusikiliza wote akikunja kanga begani. Akaniuliza kama katika kesi lazima awepo mtu wa upande wa pili. Nikasema ndivyo nijuavyo.

"Mwambie nimekubali. Lakini huyu simshitaki. Nililokosewa mimi si la huyu. Nafasi mbili hakuziweka huyu. Amshitaki aliyeziweka."

"Aliyeziweka ni Serikali, Mkwezi."

"Basi hiyo. Serikali haina kiharusi."

Kisha akanyanyua sufuria, akaniambia nitoke, anamwosha. Akateremsha pazia la mlango. Nikasimama uani, nikampigia Wakili. Akasema inawezekana, tena ingekuwa vizuri zaidi hivyo, waache mirathi, waende moja kwa moja kwenye Katiba. Nikasikia akihangaika kutafuta kalamu. Akataka kujua kama jina liandikwe au lifichwe.

Nikauliza kupitia pazia. Sauti ya maji ikakoma.

"Liandike lote."

"Na jinsia? Anasema kuna mahali lazima pajazwe."

"Paache wazi."

Nikasema hivyo kwenye simu. Wakili akasema wanaweza kuikataa pale pale mapokezini, kabla hata jaji hajaiona. Nikalirudisha neno hilo kwenye pazia.

"Waikatae," akasema Mkwezi. "Wakikataa waandike kwa nini. Nimezeeka nangoja mtu aniambie kwa nini."

Wakili alikuwa amesikia mwenyewe. Ndani, mdogo mtu akalalamika kwamba maji yamepoa, na Mkwezi akamwambia anyamaze, ainue mkono ule mzima, bado upande wa pili.